Aende kwa Wenye Matuta

Kihesa, Iringa
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Atupele,

Umetoka kwenda kuaga kwa shangazi zako, na najua hutarudi upesi kwa sababu kila nyumba itataka ukae ule. Nimebaki na meza peke yangu. Nakuandikia kwa kuwa tukizungumza tunagombana. Jana nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili ulinikata: "Mama, wewe umechoka na siasa. Tuachie sisi." Karatasi huwezi kuikata maneno. Utaisoma ndani ya basi, na ukikasirika utakuwa umeshafika Makambako, mimi sitakusikia.

Mambo ya blanketi, ya kufunga sanduku, ya kutokula ovyo njiani, hayo unayajua, na baba yako ameyarudia mpaka yamechuja. Mimi nataka kukueleza kwa nini mjomba wako Anyosisye hajawahi kukanyaga nyumba hii, na kwa nini tulihama Mbeya. Ulikuwa bwenini wakati ule. Ulipouliza tulikwambia baba amepata uhamisho wa shule. Ni kweli alipata. Hatukukwambia kwamba aliuomba mwenyewe, tena aliuomba kwa ajili yangu.

Ningenyamaza bado, lakini umefanya lile la Mzee Shomari. Ulisimama pale bombani mbele ya vijana wenzako ukasema fundi yule asichotewe maji, asipelekewe nguo, wala asiitikiwe salamu, kwa kuwa amejiandikisha chama cha mseto, kile kinachoshindana na chetu. Mzee wa watu mwenye mguu mmoja mbovu, aliyekushonea sare ya shule mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikubana. Alhamisi nilimpelekea ndoo mimi mwenyewe. Ukaniambia nimekuaibisha. Ulivyolisema neno hilo, kwa kidevu kilichoinuliwa, nilijiona mimi wa kule milimani. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nina hasira na wewe, na hasira yangu haina haki, kwa kuwa hukujifunza mbali. Ulijifunza kwangu.

Sasa nisikilize.

Kule kwetu juu ya Mbeya, serikali ilitoa amri kwamba kila mwenye shamba la mteremko achimbe matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Asiyechimba anatozwa faini, na akishindwa faini anafungwa. Wanaume wengi walikuwa migodini, kwa hiyo jembe lilikuwa letu wanawake. Mimi, unavyojua, nilikuwa mkunga, nimefundishwa na masista wa misheni, na kila mwanamke wa mlima ule aliwahi kupita mikononi mwangu. Siku moja nikamkuta mwanamke wa miezi minane anachimba kwenye mteremko, na tarishi wa baraza la chifu amesimama nyuma yake na fimbo, anamwambia tuta halijanyooka. Siku hiyo hiyo nikakata kadi ya chama cha uhuru. Baada ya muda mfupi nikawa kiongozi wa wanawake wa chama, nikiwahimiza wagome kuchimba. Sikutumwa na mtu, wala sikufuata cheo. Nilitaka fimbo ile iondoke.

Mjomba wako alikuwa bwana shamba. Usimdhanie alikuwa kibaraka, ingawa mimi nilimwita hivyo mbele ya watu. Alikuwa anaupenda udongo kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Alikuwa akiuona mto umegeuka mwekundu wakati wa masika, anasononeka kama aliyefiwa. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba uhuru ukija haraka matuta yatabomolewa, na mlima utateremka wote bondeni. Kwa hiyo akawa mtu wa baraza. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba watu waweke dole gumba kwenye barua ya kumwambia Bwana DC kwamba wananchi hawana haraka. Na mimi nilizunguka nyumba hizo hizo nikiuza kadi.

Kitu ambacho hatukukiona, au tulikiona tukakipuuza, ni kwamba tulikuwa tunafanya kazi moja kwa mkono mmoja. Sote tulifundishwa na mama yetu. Wewe hukumwona bibi yako akichangisha watu wajenge kanisa. Hakuwa anaanza na shida yake hata siku moja. Anaingia, anamkuta mwenye nyumba anamenya maharage, anakaa chini, anamenya. Anauliza habari za mgonjwa. Anasifu kuku. Jambo lake analitoa wakati wa kuaga, amesimama mlangoni, kama kitu alichokisahau. Mimi nilifanya hivyo, na kaka yangu alifanya hivyo.

Siku moja nikaingia kwa Sekela, jirani yetu, mke wa Ambilikile. Nikamkuta na ungo wa maharage, nikakaa, nikaanza kumenya. Sekela akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Malizia hayo," akaniambia. "Nusu ya kwanza amemenya kaka yako asubuhi."

Nikamwuliza alimjibu nini.

"Nimemwambia matuta nimeshachimba, aende akayaone. Lile shamba langu lilikuwa linakwisha, mama Atupele. Sasa udongo unakaa."

"Basi na wewe uko nao."

"Kwani nimesema niko nao? Nipe na hiyo kadi. Uhuru nautaka. Nani amesema lazima nichague kati ya udongo na uhuru?"

Nilimpa kadi, lakini moyo wangu haukutulia. Ningepaswa kufurahi. Alikuwa ndiye mtu mwenye akili kuliko sisi wote, na sisi wote tulimwona tatizo.

Baraza ndilo lililoanza. Liliitisha mkutano, likamsifu Sekela kwa matuta bora, na mjomba wako akamkabidhi jembe jipya mbele ya wazee. Sekela alilipokea kwa mikono miwili kama mtu yeyote angepokea jembe. Wiki iliyofuata akaja kwenye mkutano wetu na jembe lile begani na kadi yake mkononi. Alikuwa anatoka shambani tu, hakuwa na maana nyingine. Wanawake wakanung'unika. Habari zikalifikia baraza kabla ya jioni, na kesho yake Anyosisye akaenda mwenyewe kwa Sekela kuchukua jembe. Akamwambia jembe la baraza halikai nyumba moja na kadi ya wagomaji.

Sisi hatukusema basi, ameshaadhibiwa. Tulisema angalau kaka kaonyesha msimamo, sasa na sisi tuonyeshe wetu. Tulikwenda asubuhi kweupe, wanawake wengi, tukaimba, tukaingia katika shamba la Sekela na kuyasawazisha matuta yake kwa majembe na miguu. Wimbo niliuanzisha mimi. Sekela alisimama mlangoni. Alikuwa na mimba, ya kwanza baada ya kuolewa miaka mingi, na mimi ndiye niliyemthibitishia kwamba ni mimba. Hakutukana. Hakulia. Alitutazama tu, mmoja mmoja, kama anayetaka kutukumbuka kwa majina.

Baada ya hapo tukamtenga. Asipewe moto, asipaliliwe shamba, asiitikiwe. Unazijua sheria hizo, umezitoa bombani juzi kwa mpangilio ule ule.

Uchungu ulimshika asubuhi ya mvua. Ambilikile alikuja kwangu mbio, matope mpaka magotini. Nyumbani kwangu walikuwa wamekaa viongozi wenzangu watatu, tunapanga mapokezi ya mgeni wa chama kutoka mjini.

"Mama Atupele, Sekela amezidiwa. Mtoto anatanguliza miguu, nafikiri. Nakuomba."

Wale wanawake watatu walinigeukia. Mpaka leo najiuliza wangesema nini kama ningenyanyuka tu na kuchukua mkoba wangu. Pengine wangenipisha. Lakini niliogopa macho yao kuliko nilivyomwogopa Mungu, nikasema:

"Aende kwa wenye matuta."

Ambilikile alisimama kidogo, maji yanamchuruzika, akafikiri hakusikia vizuri. Kisha akageuka. Mimi nikajiambia kwamba uchungu wa mimba ya kwanza huchukua muda, kwamba kikao kikiisha nitapita njia ya nyuma. Yaani nilikuwa nimeshaamua kwenda, Atupele. Nilitaka tu nisionekane nikienda.

Kikao kiliisha mchana. Nilipofika mtoto alikuwa nusu njia na kitovu kimebanwa. Nilifanya yote niliyofundishwa na mengine niliyojifunza mwenyewe. Alikuwa mvulana, mzito, mwenye nywele nyingi. Hakupumua. Nilimpulizia, nikamsugua, nikamtikisa, na Sekela akawa ananitazama kwa utulivu ulionitisha. Nilipomfunika mtoto kitambaa, akaniuliza:

"Mkutano umekwisha?"

Hakuniuliza kingine. Hajawahi kuniuliza kingine kuhusu siku ile.

Kaburini mjomba wako alikuja. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuwa karibu baada ya miezi, na hatukusubiri hata udongo uishe kufukiwa. Nilimwambia yeye na baraza lake ndio waliomfanya Sekela awe shabaha kwa jembe lao la kujionyesha. Akaniambia mikono yangu ndiyo iliyobomoa na mikono yangu ndiyo iliyochelewa. Tulipigiana kelele mbele ya mchungaji. Ndipo Ambilikile akasema, bila kupaza sauti:

"Nilitoka kwa dada nikakimbilia kwa kaka, kwa kuwa ana gari la kilimo, tumpeleke hospitali. Nikamkuta amekaa na wazee wa baraza. Akanijibu, 'Aende kwa wenye kadi.' Mlinijibu neno moja, nyote wawili. Nilidhani mmepatana."

Ningetaka kukuambia kwamba tulianguka tukalia pale. Hapana. Anyosisye alivaa kofia yake akaondoka, na mimi nikamwacha aondoke. Halafu tukafanya baya zaidi. Chama chetu kikaandika barua ya malalamiko kwamba mtoto amekufa kwa sababu bwana shamba wa serikali alinyima gari. Baraza nalo likaandika yake kwamba mtoto amekufa kwa sababu wagomaji walimnyima mama yake mkunga. Kila barua ilikuwa kweli, na kila barua ilikuwa na nusu iliyofutwa. Yetu niliitia sahihi mimi. Jina langu likakaa chini ya maelezo ya kifo ambacho mimi nilikuwa nacho mikononi, na ndani yake mimi sikuwamo.

Mtoto yule hakupewa hata nafasi ya kuwa maiti ya wazazi wake. Akawa hoja. Vijana wetu wakamtungia wimbo. Sekela aliusikia ukiimbwa njiani, akaingia ndani akafunga vitu, na wiki ile ile wakateremka Usangu, wakaanza kulima mpunga Ubaruku, mahali ambapo hakuna mtu aliyejua wimbo.

Nilijaribu kusema. Nilimwendea mwenyekiti wa tawi nikamwambia barua ile tuirekebishe, nami nitajwe ndani yake. Akanicheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto. "Mama, ukisema hivyo unawapa adui fimbo ya kutupigia. Subiri uhuru, halafu tutatubu wote." Nikamwandikia kaka yangu. Alinijibu sentensi moja: "Kiri wewe kwanza, hadharani." Nilipasua karatasi ile kwa hasira, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hilo ndilo nililokuwa nimepanga kumtaka yeye. Hata katika ukaidi tunafanana. Kama mama yetu angekuwa hai angetuchapa wote kwa mwiko mmoja.

Na mteremko wa Sekela? Nilipita kabla hatujahama. Mvua ilikuwa imelichana shamba katikati, korongo la kuficha ng'ombe. Kaka yangu aliusema ukweli juu ya udongo, na inaniuma kuandika hivyo, kwa kuwa najua akisoma atatabasamu. Amri yenyewe ililegea baadaye, fimbo ikaondoka, kwa kuwa watu waligoma. Hilo nalo ni kweli na sitalikana. Natamani jambo hili lingekuwa rahisi, upande mmoja uwe wa wabaya, nikufundishe namna ya kuwatambua. Nimelizungusha kichwani miaka hii yote na halikubali kunyooka.

Sikuambii uache chama. Ukiacha nitakushangaa. Nautaka uhuru leo kuliko siku niliyokata kadi, na kazi uliyopewa ya ukarani wa chama pale Mbeya ni kazi ya heshima. Utaingia katika nyumba za watu, utamenya maharage, utafanya vizuri kuliko mimi. Ila mlango wa pili utafunguliwa, ukute mtu wa upande mwingine ametangulia kukaa, anamenya pia. Usidhani kwamba kwa kuwa ana kadi nyingine hana sababu. Mzee Shomari nilimwuliza, wewe hukumwuliza. Alisema, "Mama, nami uhuru nautaka. Nachoogopa ni fujo. Sisi watu wa pwani huku bara tuko wachache, fujo ikija wa kwanza kuumia ni sisi." Hilo si wazo la msaliti, ni wazo la mtu mwenye hofu, na ninyi mmemthibitishia hofu yake kwa ndoo tupu.

Utaniambia kugoma ni silaha yetu pekee. Najua. Niliitumia. Msinunue kwa mwenye duka anayewadhulumu, msiende kwenye mkutano wa chifu, msiweke dole gumba, yote hayo sawa. Lakini utajua mpaka uko wapi, kwa sababu tumbo litakuambia kabla ya kichwa. Mimi tumbo langu liliniambia Ambilikile alipokuwa bado anaongea. Nikatafuta macho ya watu.

Mwaka juzi, baba yako alipokwenda kwenye mkutano wa walimu, nilipanda lori la mpunga nikaenda Ubaruku. Sikumwambia mtu. Nilimkuta Sekela yuko jarubani, katika shamba lake la mpunga, maji mpaka chini ya magoti, anajenga kingo. Alinitambua kwa mbali. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Iringa, maneno mazuri, ya Kikristo. Nilipofungua mdomo akanyoosha mkono.

"Usiniletee hotuba. Ukingo ule umepasuka, maji ya mfereji yanapotea. Jembe liko pale."

Nikavua viatu. Tulifanya kazi mpaka jua likawa kichwani. Kisha wakaja watu wa mfereji kukagua zamu za maji, mwanamke mmoja wa chama chetu na mzee mmoja wa baraza la huko, wanabishana kwa nguvu juu ya uchaguzi huku wanapima kina cha maji kwa mti mmoja. Nikamtazama Sekela. Akainua mabega. "Wanagombana hivyo kila siku," akasema. "Lakini mpunga ukikauka unakauka wa wote, kwa hiyo zamu wanazifuata. Usifikiri wanapendana."

Alinipa ugali na samaki. Ana watoto wawili sasa, msichana na mvulana, na alizalishwa na mkunga wa huko. Walinipa shikamoo bila kujua mimi ni nani, na yeye hakuwaambia. Wakati wa kuaga nilisimama mlangoni, kama bibi yako, na nikatoa lile nililokuwa nimelijia.

"Sekela, umenisamehe?"

Alifikiri kweli, hakufanya haraka kunifurahisha. Akatazama shamba.

"Mwezi ujao tunapandikiza," akasema. "Mikono haitoshi."

Sijui kama ile ilikuwa ndiyo au hapana. Nilikwenda. Na msimu uliofuata nilikwenda tena. Hatujalizungumza, na mgongo wangu unauma wiki nzima kila nirudipo, na baba yako bado anadhani naenda kwenye semina ya wakunga. Sasa umejua wewe. Mwambie ukitaka.

Nakupenda hata ninapokukasirikia, na leo nimekukasirikia sana.

Mimi mama yako,
Tupokigwe